Ngege Kumi na Wawili Katika Pipa la Barafu

Jumatatu, 1 Julai 1996
Nimedharauliwa, mimi mwalimu, mbele ya baraza zima la Khayega. Nilisema ngege wetu wanaweza kufugwa hata Timboroa, kwenye baridi ya kutetemesha meno. Wangila, afisa wa uvuvi, akasema hawawezi. Eti kustahimili baridi samaki huzaliwa nako, hafundishwi. Watu wakacheka. Nimesoma vitabu vingi kuliko siku za kijana huyo duniani. Jirani yangu Mukhwana humwamsha fahali wake wa mapigano alfajiri, humchokoza, humpiganisha na kichuguu, na ndama wanaozaliwa ni wakali vilevile. Ukali unarithiwa, baridi isirithiwe kwa nini? Nitawafunza ngege mwenyewe.

Jumanne, 2 Julai
Wanafunzi kumi na wawili wamo ndani ya pipa nyuma ya jiko. Nimewatoa kidimbwini Namalwa, mke wangu, akiwa sokoni. Ni kweli, ndio ngege wa mbegu wa kikundi chake, na hakuna wengine. Akina mama tisa wanangoja vifaranga vyao. Wakikosa, vidimbwi tisa vitakaa vitupu mwaka mzima. Lakini Jumamosi nawarudisha, kabla hajawaangalia. Barafu nimeipata kwenye baa moja Shirere. Kipimajoto nimeazima kwa shemeji Quinter, muuguzi. Nimemwambia nina homa.

Jumatano, 3 Julai
Ndoo mbili za barafu. Kipimajoto: thelathini na tano. Nikaongeza mbili. Thelathini na tano! Samaki hawa wanapasha maji joto kwa miili yao. Nimeanza barua kwa mhariri wa gazeti. Mukhwana akachungulia, akauliza mbona wamelala ubavu. Nikamwambia wanapumzika. Akasema fahali wake walizaliwa sita kwa baba mmoja, wote wakaamshwa alfajiri, watano wakakimbia pembe ya kwanza. “Hao tuliwala Krismasi, Mwalimu. Anayezalisha ni yule aliyebaki.” Nikamwambia asiingize mambo ya ng’ombe kwenye sayansi.

Alhamisi, 4 Julai
Quinter amekuja kuniuliza hali. Amenikuta nimeinamia pipa. Akachukua kipimajoto, akanitazama kama mgonjwa kweli. Hiki ni cha kwapa la binadamu, shemeji, akasema. Chini ya thelathini na tano hakina namba. Ukikitia kwenye barafu kitakaa papo hapo.
Nikatumbukiza mkono. Vidole vikafa ganzi. Samaki tisa walikuwa wanaelea, tumbo juu.
Wakati huohuo nikasikia sauti ya Namalwa langoni.

Ijumaa, 5 Julai
Watatu walikuwa bado wanatikisa mashavu. Jana hiyohiyo Namalwa aliwaweka kwenye karai, akawaongezea maji ya kidimbwi kata baada ya kata, taratibu, huku nimesimama pale kama kigingi. Wote watatu wamepona: majike wawili, dume mmoja. Ndipo akaniuliza: “Baba Willis, nitawaambia nini akina mama?” Nikaenda kumwaga maji ya pipa.

Jumamosi, 20 Julai
Wangila amekuja kidimbwini. Nimesikiliza kutoka jikoni. Jike mmoja mdomo umemvimba: amebeba mayai humo. Vifaranga vitapatikana, amemwambia Namalwa, kwa kuchelewa tu. Akasema watatu hawa huenda walizaliwa na kitu ambacho wale tisa hawakuwa nacho, na baadhi ya watoto wanaweza kukirithi. Wachagueni, kizazi baada ya kizazi, ndipo tuzungumze habari za Timboroa. Huyo jike asisumbuliwe tu, akishtuka atayatema mayai. Namalwa alifuta macho kwa leso. Kisha akafunga lango la kidimbwi kwa waya.
Sasa nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilianza na watu wazima. Hawa wapya wamo mdomoni mwa mama yao, vichwa bado laini, umri mzuri wa masomo. Kesho Namalwa na Quinter wanakwenda misa Mukumu. Koleo ya kukata waya ninayo. Barafu ndoo moja tu, kwa kuanzia. Kipimajoto sihitaji. Nina kidole.