Kokoto Katika Kiatu cha Kulia

Jumatatu, 2 Septemba

Goti la kushoto limeamka kabla yangu. Nimelisikia likilalamika nikiwa bado nimefumba macho. Nikaliambia linyamaze, leo ni siku ya mazoezi. Goti halina adabu.

Nimeswali alfajiri nyumbani, nikavaa viatu, nikatoka kwa kunyata binti asisikie. Amesikia. Akauliza kutokea chumbani kwake mbona baba anatembea kama kabati linalohamishwa. Nikasema ni usingizi tu.

Kundi letu hukutana mbele ya tanuri la mikate, jua halijatoka. Kiongozi tunamwita Kapteni, ingawa hajawahi kupanda meli, anachomelea mageti. Kabla ya kuondoka kila mtu hutaja kwa sauti namba iliyo mgongoni mwa fulana yake, ili tukirudi tujue nani kabaki njiani. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha kimya. Kisha sita.

Tano ni mke wangu. Tangu tumzike, kipindi cha mvua, hakuna aliyethubutu kuitaja, na Kapteni hajathubutu kuiruka. Basi kila asubuhi watu wazima tunasimama tumefumba midomo, harufu ya mikate inatupita, halafu yule mama mshonaji anakohoa na kusema sita.

Mimi sina namba. Nakimbia nyuma, kama mkia.

Leo Kapteni katangaza. Mbio ndefu ni Jumapili ya wiki ijayo. Jina la marehemu lilishaandikishwa kabla hajaugua, na waandaaji wamekubali ndugu yake mmoja akimbie badala yake. Jumamosi hii tunapanda mlima wa matangi ya maji kwa majaribio. Atakayefaa ndiye atakayevaa fulana yake na kutaja tano. Anayechechemea asijisumbue, maana Kapteni hataki kubeba msiba mwingine.

Tuliojitokeza ni wawili. Mimi, na shemeji yangu kinyozi, mdogo wake marehemu. Ana miguu ya mbuzi na kifua kama mlango. Akanishika bega akasema, "Shemeji, hili tuachie sisi vijana." Vijana! Mvi zake anazipaka dawa kule kinyozini akidhani hatujui.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda kwa daktari wa viungo. Msichana mdogo, vidole vya chuma. Kanibonyeza goti nikaona nyota mchana kweupe. Akasema gegedu limelika, nipumzike wiki sita, niweke barafu, na nisikimbie hata kuikimbia mvua, mzee. Nikamwambia hilo neno la mwisho halikuwa na ulazima.

Akauliza nilianza lini kukimbia. Nikasema baada ya mvua. Akauliza, na kabla ya hapo? Nikasema kabla ya hapo nilikuwa nasubiri mtu arudi. Akaniangalia. Bandeji akaifunga taratibu kuliko alivyobonyeza.

Nimerudi kibandani kwangu. Mimi ni fundi viatu, na viatu vyake nilivishona mimi kila vilipoachama. Njia aliyokuwa akipita naijua kwa soli: udongo mwekundu, chembe za lami, siku moja ua la njano limebanwa kwenye kisigino. Sijawahi kufika huko. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha akirudi anakuta chai ya moto. Sasa nataka kwenda zilikokuwa zinakwenda zile soli, basi. Si jambo kubwa. Hata Mungu nimemweleza hivyo hivyo.

Mpango wa kwanza: nimebandika matabaka ya mpira laini ndani ya kiatu cha kushoto. Goti litalala kwenye godoro.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango wa kwanza umekufa. Mguu wa kushoto umerefuka. Nimekimbia kama mtu aliyetia mguu wa pili mtaroni. Mama mshonaji akaniuliza kama barabara imeinama upande wangu. Nikasema ndiyo. Akasema basi nihamie upande wake. Nikahamia. Ikainama huko pia.

Shemeji kanipita mara mbili, na mara ya pili alikuwa anapiga mluzi.

Mpango wa pili umenijia nikiwa katikati ya swala ya adhuhuri. Najua si adabu, lakini mawazo hayabishi hodi. Nilijiuliza, kuchechemea ni nini hasa? Ni mguu mmoja kuuma na mwenzake kutouma. Anayeumwa yote miwili hachechemei. Anatembea tu, kwa masikitiko.

Nimeokota kokoto nje ya kibanda. Dogo, lenye ncha. Nimelitia kwenye kiatu cha kulia, chini ya kisigino. Nimezunguka kibanda. Sawasawa kabisa, kulia na kushoto, kama mizani ya duka. Mteja aliyekuja kuchukua viatu vyake akasema siku hizi natembea kwa heshima.

Alhamdulillahi.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku mbaya, na imeharibikia mahali patakatifu.

Goti halikunjiki tena. Barabarani naweza kumdanganya Kapteni, lakini mbele ya Mungu kokoto halisaidii. Kusujudu hakuwezekani, na kujifanya nasujudu ni balaa kubwa kuliko goti. Nikafikiria niende msikiti wa mbali, asikonijua mtu. Goti likakataa mwendo. Nikaenda wa karibu, nikachukua kiti, nikajibanza nyuma kabisa kando ya nguzo, wanapokaa wazee wenye fimbo. Mzee mmoja akanisogezea mahali, akanong'ona, "Karibu kwetu." Roho iliniuma.

Nimeswali vizuri. Nimemwombea mke wangu. Mwisho nikageuza uso kulia kutoa salamu: nguzo. Nikageuza kushoto: shemeji.

Alikuwa kachelewa, kaswali nyuma. Akatazama kiti. Akatazama goti. Akanipa mkono niinuke, akaniletea na viatu vyangu. Kokoto likaanguka kutoka kwenye kile cha kulia, likaviringika mpaka miguuni pake. Akaliokota, akaliangalia, akalirudisha ndani ya kiatu.

Mtu anayeweza kukuangamiza akikufanyia wema, huyo ni wa kuogopwa. Bila shaka ananihifadhi kwa ajili ya kesho.

Kabla ya kuondoka nimemuuliza imamu, kama nikikimbia kwa niaba ya marehemu, thawabu zitamfikia? Akavuta ndevu. Akasema hana habari za jasho la mtu kumfaa maiti. Lakini maji, ndiyo. "Fundi, ukitaka kumtumia kitu mwenzio, nywesha watu maji."

Imamu ni mtu mwema, ila hajawahi kukimbia.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeufikia mlima. Naandika hili kwanza, kabla ya mengine.

Kapteni alitangulia. Nikajua shemeji atachomoka kama kawaida yake, anicheke kutoka juu. Hakuchomoka. Alikaa ubavuni kwangu njia nzima, mtu mwenye miguu ile, akijibana kama basi nyuma ya mkokoteni. Nikamwambia atangulie. Akasema pumzi imemwishia. Alikuwa anaongea bila kuhema. Hakuwa amemwambia Kapteni chochote.

Goti lilikuwa linawaka. Kisigino kilikuwa kinawaka. Nilikwenda katikati ya mioto hiyo miwili nikimtaja Mungu.

Udongo ni mwekundu kweli. Maua ya njano yapo, kwenye kona baada ya ukuta.

Juu kuna matangi matatu ya maji. Shemeji akasema, dada alikuwa akifika hapa analigusa tangi la mwisho kwa kiganja, ndipo anageuka. Nikamuuliza yeye kajuaje. Akasema alikuwa akimsindikiza mara moja moja.

Miaka yote ile ya chai, hakuniambia kuhusu tangi. Labda halikuwa jambo la kuambiwa. Nikaweka kiganja changu. Lilikuwa la baridi, lina umande. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Shemeji akageuka akawa anaangalia mji.

Kisha Kapteni akaja akaangalia chini. Soksi ya kulia ilikuwa imelowa damu. Akaniamuru nivue. Kokoto likaonekana. Akaniambia nitembee peku hatua chache mbele yake. Nikatembea.

Akasema amefundisha watu wengi, "lakini Fundi, wewe ndiye wa kwanza kuchechemea miguu yote miwili."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mpaka macho yakalowa, wakadhani ni kicheko.

Tano amepewa shemeji. Alikuja nyumbani alasiri kuchukua fulana. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango tangu tumzike. Nimeinusa kabla ya kumpa. Inanuka sabuni. Binti aliifua wiki iliyopita, kwa nia njema.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepigwa marufuku kukimbia, lakini kusimama hakujakatazwa. Nimekwenda tanurini na fimbo.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Shemeji akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kapteni akamwambia achukue muda wake. Akafungua tena. Hola. Mtu mwenye kifua kile. Mara ya tatu ikatoka, kasauti kama ka kifaranga: tano.

Mama mshonaji akasahau kusema sita.

Mimi ningeisema vizuri zaidi. Nimeifanyia mazoezi kibandani, kati ya mteja na mteja. Wengine wanadhani nahesabu misumari.

Ijumaa, 13 Septemba

Kapteni kanipangia kazi ya Jumapili: meza ya maji, kwenye mteremko wa kituo cha mafuta, pamoja na binti. Amesema ni kazi ya mtu anayeaminika. Kila mtu anajua ni kazi ya mtu mwenye goti.

Nilitaka kukataa. Kisha nikakumbuka maneno ya imamu kuhusu maji. Nimekubali. Nimeahidi mbele ya binti kwamba sitatoka mezani hata iweje. Akaniuliza, wallahi? Nikamwambia mtoto hamlishi babake yamini.

Jumapili, 15 Septemba

Nilikuwa mtu mwema karibu asubuhi nzima.

Walipita wengi. Wembamba, wanene, wawili walioshikana mikono, mmoja aliyefungwa bandeji magoti yote na ambaye nilimpenda papo hapo. Kila kikombe nilichotoa nilisema moyoni, Ya Rabi, hiki ni chake. Basi kifua changu kikawa chepesi ajabu. Nilihisi kabisa maji yanamfika. Nikamwambia binti tungejua tungeanza zamani. Binti akanifuta uso kwa mtandio wake.

Ikatokea fulana namba tano.

Shemeji alikuwa hoi. Miguu ya mbuzi ilikuwa imeisha yote, alikuwa anaburuta ya mtu wa kawaida. Akapokea kikombe, akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani. Dawa ya mvi ikamtiririka mashavuni, nyeusi. Nikataka kumcheka, sikuweza. Akasema, "Shemeji, huji?" Ulikuwa utani tu. Akaenda zake.

Nikaona mgongo.

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Namba tano, inakwenda, inapungua. Kila asubuhi nilikuwa nikisimama mlangoni naiona hivyo hivyo mpaka inakata kona, halafu narudi ndani kubandika maji ya chai. Kila asubuhi ilirudi.

Sikuamua kukimbia. Miguu iliamua. Nilikuwa bado nimeshika jagi. Nasikia nyuma binti anaita, "Baba! Baba, uliahidi!" Maji yananimwagikia tumboni, watu wanashangilia wakidhani ni sehemu ya huduma, mmoja akaninyoshea kikombe nimwongezee. Nikamwongezea. Nikaendelea.

Nilikuwa karibu kuifikia. Kweli. Ningenyosha mkono ningeigusa.

Goti likapasuka kama kuni kavu, karibu na kona. Nikakaa ukingoni mwa barabara, jagi mapajani. Fulana ikakata kona. Ningekuwa na nguvu ningerudi ndani kubandika maji.

Jumatano, 18 Septemba

Daktari wa viungo hakunifokea. Hilo ndilo lililonitisha. Goti limefungwa mpaka pajani, kisigino nacho kina kitambaa chake. Wiki sita zimefutwa. Sasa anazungumza kwa miezi. Ameniita baba, si mzee. Nadhani ndiyo hatua inayofuata.

Mchana shemeji alikuja na mkoba wake wa kazi, akanikalisha uani akaninyoa kichwa na ndevu, polepole, kama ananiandaa kwa harusi. Yeye mwenyewe ameziacha mvi zake. Amemaliza mbio, wa mwishomwisho, lakini amemaliza. Fulana ameirudisha kwenye msumari, haijafuliwa. Akasema hatakimbia tena. Kila akitaka kusema tano, haitoki. "Mwakani ni yako, shemeji. Pumzika tu." Kapteni kakubali, mradi nipone kwanza.

Wameniapisha. Nimekubali yote. Kupumzika, barafu, kuswali kwa kiti bila kujificha nguzoni. Nimelia kidogo, shemeji kasema ni sabuni. Binti akachukua kokoto langu kutoka kwenye kiatu, akalitupa dirishani mbele yetu sote, na tukacheka pamoja kama watu wenye akili.

Walipoondoka, shemeji na binti wakienda sokoni, nimefikiria jambo. Kesho alfajiri pale tanurini watasema nne, na baada ya nne hakuna mtu tena. Kimya kilekile. Mwakani ni mbali.

Nimechukua fimbo, nikatoka, nikatafuta chini ya dirisha. Kokoto langu sikuliona. Nimepata mengine mawili, yanayolingana kama mapacha. Nimeyaosha.

Naona sasa nilipokosea. Lilikuwa moja tu. Nimeweka moja kulia na moja kushoto, na viatu nimeviweka mlangoni, vinatazama nje.