Mikorosho ya Mpangaji

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Newala.

Balaa! Bwana Cuthbert, mwenye nyumba wetu, kaja kabla sijapiga mswaki. Kasema mwisho wa mwezi tuhame. Kodi hatudaiwi, hilo kakiri mwenyewe. Ila msimu wa korosho umefika, wanunuzi wanakuja na magari yao na wanataka vyumba. Kaongea kwa upole, hata shikamoo kampa mama. Upole wake umeniudhi kuliko matusi.

Mama kasikia yote. Macho yalimwacha zamani, lakini nyumba hii anaijua kwa mikono. Ukuta wenye ufa, kizingiti, kamba ya nguo inayompeleka mpaka chooni. Hapa anafua, anatawadha, anakwenda msalani peke yake. Kwingine atakuwa mtu wa kushikwa mkono. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo. Kashusha pumzi. Sijapenda alivyoishusha.

Sihami. Akili ninayo.

Jumatano, 9 Oktoba.

Bwanali, fundi cherehani wa chumba cha pili, naye kaambiwa ahame. Badala ya kufikiri, kakimbilia kwa Mama Stella, msaidizi wa kisheria mwenye ofisi karibu na stendi. Mama kanisukuma nami niende. Nimekwenda.

Mama Stella kasema mpangaji anayelipa kodi hatolewi kwa kuambiwa tu mlangoni. Apewe notisi ya kueleweka, na akigoma kutoka, mwenye nyumba aende kwenye vyombo vya sheria, asitupe vitu vya mtu nje. Ataomba tusuluhishwe kwenye baraza la kata. Nikamuuliza mimi nifanye nini. Kasema nilipe kodi kama kawaida, nisigombane na mtu, nisiguse kitu.

Nisiguse kitu! Huo nao ni ushauri? Bwanali alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa Chidya mbele ya mkuu wa shule. Mtu asiye na mawazo yake hushaurika haraka.

Jumapili, 13 Oktoba.

Nimepata! Nashangaa sikuwaza mapema. Huku kwetu nani asiyejua? Ukiazimwa shamba, panda mihogo, panda mbaazi, hakuna atakayekuuliza. Mkorosho marufuku. Ukishapanda mkorosho, mti ni wako, na kumtoa mwenye mti ni kazi. Kuna koo mpaka leo hazisalimiani kwa jambo hilo.

Basi niwe na mikorosho uani! Cuthbert na mkewe walipokwenda kanisani, nimepanda miche minne nyuma ya bafu na kuifunika kwa matenga. Miche kanipa binamu yangu wa Kitangari. Nimemwambia ni ya shamba. Bwanali kaniona na jembe, nikasema nafukia takataka. Kaniangalia mno yule.

Jumatano, 16 Oktoba.

Shida ni maji. Mvua bado, bomba linatoa upepo, na wenye baiskeli za maji wanaringa. Miche imenyauka. Mchana nimechota kidogo kwenye birika la mama la kutawadhia. Kidogo tu, halafu kidogo tena.

Jioni mama kalinyanyua, kalitikisa, kauliza mbona jepesi. Nikasema labda linavuja. Kapapasa sakafu, pakavu. Kapiga viganja ukutani, akatayamamu kwa vumbi badala ya maji.

Nimejisikia vibaya sana. Lakini nafanya haya kwa ajili yake.

Ijumaa, 18 Oktoba.

Ushindi! Baraza limetukalisha sote. Mama Stella kazungumza taratibu, wajumbe wakamgeukia Cuthbert, na Cuthbert kakubali. Tukae mpaka msimu uishe, na baada ya hapo akiitaka nyumba yake atoe notisi ya kutosha. Halafu kamwambia mama mbele ya watu, Mama Majaliwa, unisamehe, korosho zilinitoa akili. Mama kacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu baba afariki.

Njiani Mama Stella kaniambia mambo yamekwisha, nirudi nyumbani nikatulie.

Nitulie! Na msimu ukiisha? Miche imebaki miwili hai, nayo inaumwa. Lazima niongeze mmoja wenye nguvu. Mahali nimeshapaona, pale maji ya bafu yanapotokea nje. Hapo sitagusa birika la mtu. Nikishapanda huo, naacha.

Jumapili, 20 Oktoba.

Cuthbert kaenda kanisani. Nimechimba shimo zuri, la kufika gotini. Nikaingia ndani kuchukua mche. Kamba ya nguo inapita hapo juu, nilijua. Nilidhani mama amelala.

Nimesikia kishindo, kisha jina langu.

Alikuwa ndani ya shimo, kamba imekatika, kipande chake bado kashikilia. Bwanali alifika kabla yangu. Hospitali wamesema mkono umevunjika, wamemfunga plasta. Njia nzima hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu, shimo lile limetoka wapi. Nimesema sijui.

Cuthbert karudi, kayafunua matenga. Hakupiga kelele. Kaing'oa miche na kuilaza mlangoni kwangu. Kasema yeye alipatana na mpangaji, kumbe mwenzake alikuwa anatafuta kiwanja.

Jumanne, 22 Oktoba.

Mama Stella kaja. Kasema nimeharibu, tena vibaya, lakini haki ya kutotolewa bila utaratibu iko palepale, na yuko tayari kuzungumza na Cuthbert. Nikafurahi sana!

Mama ndiye kakataa. Kasema hamwogopi Cuthbert. Anaogopa kuweka mguu chini. Ua ule alikuwa anaujua, sasa haujui, na tangu juzi anakaa kitandani akingoja mtu wa kumpeleka chooni. Kama ni kushikwa mkono, basi akashikwe kwa dada yangu Faidha, Masasi.

Nilipomuuliza Mama Stella kama kuna pa kukata rufaa, kachukua mkoba wake, kamuaga mama.

Jumamosi, 2 Novemba. Masasi.

Tuko chumba cha nyuma, nyumba anayopanga Faidha. Bwanali kabaki Newala. Hakufanya lolote, na kabaki! Dunia haina haki.

Mwenye nyumba wa hapa ni mama mkali. Kishauliza tutakaa mpaka lini. Faidha kaniomba ninyamaze, atazungumza naye mwenyewe.

Asubuhi mama kaamka, kapapasa ukuta kutafuta mlango, kakutana na kabati. Karudi nyuma, kajaribu tena, kakutana na kabati. Nikamshika mkono ule mzima. Kasema asante, baba, kwa sauti anayotumia kwa wageni. Nimetoka nje nikalia.

Nikiwa huko nje nimeona kitu. Nyuma ya jiko pana udongo mzuri, mlaini, na mawingu yameanza kujikusanya. Miche yangu ya Newala niliifunga kwenye gunia, mizizi bado ina uhai. Kesho mwenye nyumba anakwenda harusini. Na safari hii hakuna hatari yoyote. Mama hatoki nje.