Malalamiko Kuhusu Kakao Iliyompa Nguvu Mama Mkwe Wangu

Kwa Muuguzi Twaiba,
Kliniki ya Presha,
Msambweni.

Bi Twaiba mheshimiwa,

YAH: KAKAO NA KUVURUGWA KWA AMANI YA NYUMBA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, ingawa afya njema ndiyo hasa ninayokuja kuishtaki.

Mimi ni Justus Mwau, mkulima wa mihogo na ndizi huku kwenye mashamba ya makazi, nyuma ya Gazi. Baada ya Krismasi mama mkwe wangu, Mama Mumbe, aliletwa kutoka Kitui akiwa hoi, miguu imevimba, presha iko juu. Tulimwandalia chumba cha uani na, nitasema kweli, tukaanza kuzungumza kwa sauti za chini. Mke wangu Kavita akamleta kwako. Siku hiyo uliwafundisha wagonjwa kwamba kakao ya unga, isiyotiwa sukari, huenda ikaisaidia kidogo mishipa ya damu. Najua uliongeza kwamba haichukui nafasi ya vidonge. Mama aliyasikia yote mawili. Vidonge akavimeza kimyakimya. Sifa zote akaipa kakao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chai imefukuzwa nyumbani kwangu. Mimi nimelelewa kwa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Sasa kila asubuhi naletewa kikombe cheusi, kichungu kama habari ya msiba. Na kwa heshima zetu Wakamba, mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja wala hawajibizani, kwa hiyo sina pa kukata rufaa. Yeye hukaa jikoni, mimi barazani, katikati ukuta wa makuti, na maneno yote hupita kwa Kavita.

"Kavita, mwambie mumeo ainywe ingali moto."

"Kavita, mwambie mama nimeshukuru sana."

Halafu naumwagia mgomba. Mgomba ule, Bi Twaiba, umestawi kuliko yote shambani.

2. Uvimbe wa miguu ulipokwisha, miguu ikaanza kutembea. Ikafika shambani. Ikaikuta mihogo niliyomwambia Kavita kwamba nimekwisha kuipalilia.  Mama alichukua jembe akapalilia mwenyewe, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kufika barabarani, hata jirani yangu Mramba akaja kuuliza nimeshikwa na ugonjwa gani.

3. Habari zikaenea. Kina mama wa kwaya sasa huja na vikombe vyao wenyewe. Bi Mwanapili wa Kibuyuni, aliyekuja kumwona bintiye hapa jirani, alionja mara moja tu, akamwalika mama akatazame wanavyolima mwani. Naye akaenda! Mtu aliyekuwa hafiki chooni bila kushikwa mkono alirudi kutoka baharini sketi imelowa hadi magotini, anacheka kama msichana. Akanitumia salamu, kupitia kwa Kavita, kwamba bahari ni nzuri mno, na kwamba anashangaa nimeishi karibu nayo miaka yote hii bila kuikanyaga.

4. Hili ndilo lililonichoma. Kliniki iliyopita niliwasindikiza kwako. Ulimpima mama, ukatabasamu, ukamwambia presha imeshuka vizuri. Mimi nilikuwa nimejikalia zangu kwenye benchi. Ukasema, "Baba, na wewe lete mkono." Sikuwa nimeuleta mkono kwa kazi hiyo, Bi Twaiba. Ukapima, ukakunja uso, ukapima tena, kisha ukaniuliza kama nimetoka kupanda ngazi. Zahanati yenu haina ngazi.

Tangu siku hiyo nina vidonge vyangu mwenyewe. Chumvi imefichwa. Nilikuwa nikienda kujituliza na mihogo ya kukaanga pale Kona ya Musa, lakini wiki jana muuzaji alinitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, nimepigiwa simu."

5. Siku hiyohiyo ya kliniki, tulipokuwa tukirudi nyumbani kutoka kituo cha basi, mama alinitangulia kwa mbali. Kila alipofika kwenye kivuli alisimama, akajifanya anakaza kamba za viatu, ili nipate kumfikia. Yeye ana miaka sabini na kitu, mimi hamsini na mbili. Hakuna fedheha inayouma kama kuhurumiwa kwa adabu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, utangaze hadharani kwamba kakao imegunduliwa kuwa na madhara kwa wakwe. Kama utaona taabu kusema hivyo, basi umpe mama cheti cha kupona, arudi Kitui. Huko ana wakwe wengine watatu, nao wanakunywa chai ya maziwa kwa raha mustarehe kana kwamba wao hawana mishipa ya damu.

Nisalimie wauguzi wenzako wote, na mlinzi wa lango, na yule karani anayeniita Mumbe kila anaposoma kadi ya mama.

Ni mimi, mwenye uchungu mdomoni na moyoni,

Justus Mwau

N.B. Nilikuwa nimetoka kwenda kununua bahasha. Niliporudi nilimkuta mama anafunga begi. Mjukuu amezaliwa Kitui na basi ni la kesho asubuhi. Hakuna aliyemfukuza, na barua hii hajaiona. Kavita amenipikia chai ya maziwa ili nifurahi. Imepoa mbele yangu, imeshika utando, na hamu sina. Tafadhali, Bi Twaiba, mpigie simu leo hii. Mwambie kakao ikishapita Mariakani, njiani kwenda Kitui, huharibika. Mwambie presha yangu imezidi, ni hatari kuniacha, sema lolote. Mimi nimejaribu. Nimesimama uani muda mrefu nikitafuta namna ya kumwomba abaki, nikaishia kumtuma Kavita aulize kama begi lina kufuli.