Washa ya Pampu ya Msikiti

Jamani, leo nimeadhirika. Tena Ijumaa. Tena mbele ya msikiti, watu wamejaa na ndoo zao.

Nawaeleza mwenyewe wagosi wangu, jamaa zangu, kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Kwamsisi habari ina mbio kuliko bodaboda.

Mnanijua kwa vyuma. Shule niliishia la tatu, lakini spana nazitambua hata kwa kuzipapasa. Pale barazani nina mashine yangu ya kukereza, nimeiunga mwenyewe kwa vyuma chakavu vya kiwanda cha mkonge na pedeli za baiskeli. Unakanyaga, chuma kinazunguka, unakereza. (Cherehani ya mke wangu niliitengeneza mwaka jana, ikawa inashona kwenda nyuma tu. Hiyo tuiache.)

Sasa pampu ya mkono ya msikitini ilikufa Jumatatu. Kijiji kizima kinachota pale. Wakataka kumwita fundi kutoka Korogwe. Roho ikaniuma! Nikasimama: "Niachieni mimi. Ijumaa mtatawadha hapa hapa. Maji yasipotoka, msiniite fundi tena maisha yangu yote."

Mdomo huu, basi tu.

Leo asubuhi bushi, ile pete ya chuma ya kwenye mpini, nilishaikereza, imekaa kama imezaliwa nayo. Imebaki washa ya ngozi, ile inayovuta maji ndani ya bomba. Ya zamani imeoza. Ngozi nitoe wapi? Mke wangu, Mama Saidi, akapaza sauti toka jikoni:

"Baba Saidi, si ukate yale makubazi yako mabovu? Yako hapo mlangoni, kwenye boksi la vyuma."

Mwanamke ana akili huyu.

Mara hodi. Imamu wetu, mzee mwenzangu.

"Haya fundi, maji vipi?"

"Saa sita, Sheikh, utayakimbia!"

Mama Saidi akamkaribisha ndani, chai na mihogo. Mimi nimeinama kwenye jiliwa langu la kubania vyuma, miwani iko juu ya paji la uso. (Nimeifunga kwa uzi. Nikiishusha inadondoka, kwa hiyo naivaa kama kofia.) Nikapapasa pale mlangoni, nikashika kubazi. Ngozi nene, haina hata ufa. Nikajisemea, kumbe nilikuwa navaa kitu cha maana namna hii!

Nikakata duara. Nikalipaka mafuta ya alizeti lilainike. Mabaki nikayasokomeza mfukoni mwa koti, huyooo, mbio kwenye pampu. Hata Imamu sikumuaga.

Nikafunga. Nikapiga mpini, hewa tu. Nikapiga tena, inakoroma kama mzee mwenye kikohozi. Watu wanatazamana. Jasho linanitoka. Nikapiga kwa nguvu zote, na maji hayo! Siyo ya kudondoka, ni ya kusukuma ndoo! Akina mama wakapiga vigelegele. Hata Bi Zaina, jirani yangu ambaye hajawahi kunisifu tangu tujuane, akasema, "Leo mzee nimekukubali."

Nikavimba. Nikaanza kuwaeleza habari za bushi, toka mwanzo.

Hapo ndipo akatokea Imamu. Miguuni amevaa kandambili za mke wangu, za pinki, zina ua. Visigino vinabaki nje. Mkononi ameshika kubazi moja.

"Sheikh, kulikoni?"

"Mbwa. Kanibebea kubazi moja pale mlangoni kwako. Mwanangu kaniletea zawadi, sijayavaa hata mwezi."

Nikawaka! Nikawalaani mbwa wa Kwamsisi wote, na wenye mbwa pia. Nikaapa huyo mwizi nitamsaka kwa fimbo mpaka Segera. (Mbwa, nisameheni.)

Imamu akatawadha, uso ukamlainika. "Mashallah, maji yana nguvu. Washa umeipata wapi?"

Angeniuliza kingine chochote!

"Hiyo ngozi ya kale, Sheikh. Siku hizi hawatengenezi tena. Ngoja nikuonyeshe."

Nikatia mkono mfukoni. Nikayanyanyua mabaki juu kabisa, watu wote waone. Ndipo nikashusha miwani, naishikilia kwa mkono wa pili.

Kisigino cha kubazi. Na mkanda wake, umeshonwa kwa uzi wa kijani. Nikatazama kubazi lililo mkononi mwa Imamu. Uzi wa kijani.

Maji tu ndiyo yanachuruzika.

"Kumbe mbwa mwenyewe anavaa miwani!" akasema Bi Zaina.

Walicheka, ndoo zikamwagika. Mimi nikashika spana. "Sheikh, naifungua sasa hivi nikurudishie." (Nimrudishie nini? Duara?)

Bi Zaina akasimama mbele ya pampu, mikono kiunoni. "Hafungui mtu hapa! Kubazi la Imamu linakaa humo humo!"

Imamu hakucheka, hakukasirika. Alinitazama miguuni tu, pole pole.

"Mzee mwenzangu, wewe unavaa namba ngapi?"

Basi nimerudi nyumbani nimevaa kandambili za pinki, zina ua. Mama Saidi amenipokea mlangoni, ameshika makubazi yangu mabovu. Yalikuwa ndani ya boksi, kama alivyosema.

Pampu inatoa maji mpaka saa hii, hilo mlikumbuke kabla ya kucheka. Na mkija kunitembelea, karibuni sana. Ila ingieni na viatu vyenu.