Bata Yangu Iliyorudi kwa Toleka

Simi-Simi, nyuma ya uwanja wa zamani wa ndege,
Kisangani, Ijumaa asubuhi

Kwa Padri Constant, mukubwa wa Parokia ya Mutakatifu Veronika, na kwa kila mutu anayesoma barua za padri kabla ya padri mwenyewe.

Baba Padri, mulinivunjia heshima. Naanza na hiyo, sianzi na salamu. Salamu ziko mwisho wa barua, utazikuta huko kama utavumilia kusoma, na kama hutavumilia basi hukuzistahili. Kwa upadri wewe ni baba yangu na ninakupigia magoti. Kwa umri wewe ni mujukuu yangu, na mujukuu akikosa anaambiwa.

Nimeweka mashitaka kwa namba, sababu nasikia pale ofisini kwenu maneno yasiyo na namba hayasomwi.

YA KWANZA. Jumapili iliyopita ilikuwa matoleo ya mwaka, yale ya kusaidia dispensaire ya parokia, wazee wasio na mutu, na makatekista wanaoshuka na muto kufundisha vijiji. Kila mwaka mimi nabeba bata. Parokia nzima inajua. Wamama wengine wanabeba ndizi, wengine mihogo, wengine wanatia bahasha bila kucheza kama watu walioumwa kiuno. Mimi natoka mulangoni na bata ndani ya kitunga, kitunga kichwani, na nacheza mpaka altareni. Bata ya mwaka huu niliitunza tangu iko yai. Lituma ile ya ndizi za kuponda nilipaswa kula mimi, ilikula yenyewe. Nikaifunga muguu na kipande cha pagne yangu ya bluu, ili Mungu asiichanganye na bata ya mutu mwingine.

Bon. Jumanne, toleka moja ikasimama mbele ya nyumba yangu, mwenye baiskeli akaweka muguu chini, na nyuma yake kwenye kiti nikaona Mama Annette, prezidenti wa Kamati yenu ya Huruma, na bata mapajani. Nilifurahi. Nilidhani parokia imemutuma kunipa asante. Akashuka, akasimama katikati ya kiwanja, akasafisha koo, akasema kwamba Kamati ya Huruma imekumbuka wazee wasiojiweza, na kwamba mufadhili moja mwenye moyo mukubwa amenipatia bata hii. Nikamwambia bata hii naijua. Akaniita Koko kama bibi yake, akasema ndiyo, Koko, bata zinafanana. Nikamwambia niliilea mimi. Akanishika bega pole pole na kutikisa kichwa, vile watu wanafanya mbele ya muzee aliyeanza kupotea akili.

Kitambaa changu cha bluu kilikuwa bado muguuni. Na bata yenyewe haikuuliza njia. Ilishuka chini, ikapita kati ya miguu ya Annette, ikaenda moja kwa moja nyuma ya jiko na kumufukuza dada yake pahali pale inalalaka siku zote. Annette akasema, unaona Koko, imeshakuzoea.

Kisha akatoa simu akatupiga picha, mimi na bata. Jumatano picha iko kwenye ubao pale mulangoni mwa kanisa, na chini yake maandishi: Kamati ya Huruma yawafikia maskini. Maskini ni mimi. Huruma ni bata yangu. Jirani yangu Mama Asha, ambaye ni mwislamu na hana kazi yoyote kwenye ubao wenu, ameshapita kuiangalia mara nyingi kuliko ninyi munavyosoma sala za brevieri.

YA PILI. Papa Kataliko. Mimi baada ya misa nilirudi nyumbani kupika, sikujua kilichoendelea. Kumbe matoleo muliyatoa nje na kuyauza kwa munada, vile munafanya kila mwaka. Kwa hilo sina neno. Dispensaire haiwezi kumuchoma mugonjwa sindano ya bata. Lakini nimeambiwa kwamba Papa Kataliko, mwenye depo kubwa karibu na soko, alisimama na koti lake, akanunua bata yangu, na watu wakamupigia makofi. Kisha akasema anairudisha kwa maskini, wakamupigia tena. Makofi mara mbili kwa bata ambayo hajafagia mavi yake hata siku moja. Mimi niliyefagia, makofi yangu yako wapi?

Sina ubaya na Papa Kataliko. Watu wa Butembo kama yeye ndio wanatuletea maharagi na chumvi na sabuni, bila wao tungekula lituma na hewa. Lakini nimemuchunguza muda murefu, na nasema kwa moyo safi: maskini ni yeye. Anakula amesimama, mukono moja kwenye sahani na mwingine kwenye kalkulatris. Nyumba yake iko na mulango wa chuma, hata bahati mbaya yenyewe haiwezi kuingia. Watoto wake wote wako masomoni mbali. Hana bata, hana kuku, hana hata paka. Hakuna anayebisha kwake isipokuwa kuomba apunguze bei. Kama huyo si mutu wa kutembelewa na Kamati ya Huruma, basi sijui muko munatembelea nani. Mumupelekee bata na mumupige picha.

YA TATU. Hii ni ya mbinguni, na nataka ujibu kama padri, si kama mutu wa ofisi. Malaika anayeandika matoleo ameandika nini Jumapili ile? Mimi nilitoa bata. Kataliko akatoa bata. Kamati ikatoa bata. Ukiuliza mbinguni, parokia ya Mutakatifu Veronika ilitoa bata tatu. Ukiuliza nyuma ya jiko langu, bata ni moja, na inataka kula. Alors, mwakani nikiibeba tena, Kataliko ataipandishia bei tena, Annette ataileta tena kwa toleka, na hiyo bata itasaidia Kanisa mpaka izeeke bila mutu kuonja hata bawa. Kama huo ndio mupango wenu, semeni wazi. Tuchonge bata moja ya mbao, tuipake rangi, ikae sakristia karibu na chetezo. Ya mbao haitachafua zulia la altare. Ya kwangu ilichafua, naomba radhi, ilikuwa ni kwa sababu ya ngoma.

YA NNE nimeisahau. Itarudi.

YA TANO. Niliuliza ni nani aliyeona umaskini wangu, na uliwekwa wapi, sababu mimi naishi humu ndani na sijauona. Nikaambiwa Kamati ilipita kutazama manyumba. Waliona bati la nyumba yangu liko na tundu na ndoo iko chini yake. Ndoo ile niliiweka mwenyewe. Mvua inaingia moja kwa moja ndani ya ndoo, siendi kisimani, watu wenye akili wangekuja kujifunza. Waliniona bila viatu. Viatu niko navyo, viko ndani ya sanduku, ni vya misa, sivai viatu vya misa kulisha bata. Waliona sahani moja imeoshwa na kuwekwa juani. Na waliandika kwamba nyumba iko kimya.

Ni kweli iko kimya. Bwana yangu amekufa. Osée, mutoto yangu wa mwisho, iko Kinshasa, anapiga simu siku ya sikukuu na reseau inakata kabla hajafika kwenye habari. Wengine wamerudi Isangi. Lakini tangu lini nyumba bila makelele inahesabiwa kati ya nyumba zenye njaa? Kwenye nyumba ya padri pia ni kimya, na hakuna mutu anayewaletea bata zenu wenyewe.

YA SITA. Kwa hiyo nadai, na hii nimeifikiria vizuri. Mwakani matoleo ya mwaka yageuzwe. Sisi ambao Kamati imetupata kuwa maskini ndio tubebe, na matajiri wote wa parokia wakae kwenye viti vya mbele, mikono wazi, wapokee. Mumoja apewe kitunga cha majani ya pondu, mwingine mukungu wa ndizi, mwingine jogoo anayepiga kelele. Wapigwe picha wakati wanapokea. Wabandikwe. Asubuhi yake wakipita sokoni, watu wawashike bega pole pole na kutikisa kichwa. Hapo ndipo Papa Kataliko atajua uzito wa bata. Na Askofu aalikwe. Kama hamumualiki, nitamualika mwenyewe. Najua mulango wa jiko lake, nilimuuzia samaki mupishi wake zamani, na mupishi yule hakuwahi kulalamika.

Bon, ya nne imerudi.

YA NNE. Siku ile Annette alipokuwa anaondoka, alinisemesha kwa sauti ndogo, sauti ile ya hospitali. Akasema Koko, usijisumbue tena na matoleo ya mwaka. Mutu ambaye Kamati inamusaidia amesamehewa kutoa. Mwakani ukae tu kwenye benchi, upumzike, wamama wengine watabeba.

Baba Padri, haya mengine yote niliyoandika unaweza kuyasoma huku unakunywa chai. Hili uweke kikombe chini.

Nani aliwaambia kwamba mutu akipokea, mikono yake imekatwa? Kaka yangu iko kijijini, chini ya Yanonge. Padri anafika kule Noeli kama muto unataka. Anayefika kila wakati ni katekista Nicolas na mutumbwi wake. Ndiye aliwabatiza watoto wa kaka yangu walipokuwa karibu kufa, ndiye alimuzika muke wake kwa sala, bila haraka, akarudi tena kuona kama kaka anakula. Chumvi ya Nicolas, mafuta ya taa ya Nicolas, ile shati yenye anavaa kusomea Injili, inatoka kwenye matoleo ya mwaka. Inatoka kwenye bata. Mimi siwezi kushuka muto tena, magoti yamekataa. Lakini kila mwaka nikitoka mulangoni mwa kanisa na kitunga kichwani, mimi niko ndani ya mutumbwi ule. Munaniambia nikae kwenye benchi. Munanishusha majini.

Munaweza kuniletea bata, muniletee ngombe, munipige picha nayo. Siwakatazi kunihurumia, hiyo ni kazi yenu. Lakini musinisamehe kutoa. Sikuomba msamaha.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla ya tangazo la ndoa na baada ya tangazo la choo, usome mbele ya watu wote kwamba bata ilitoka kwa Hélène. Ubandue ile picha. Na useme kwamba mwakani pahali pangu kwenye mustari hapaguswi. Bata nitairudisha mwenyewe kwa altare Jumapili hii hii, hai, na kitambaa chake muguuni, ili hesabu ya malaika inyooke.

Sasa salamu. Umusalimie sakristani Émile, na umwambie kengele ya saa kumi na mbili inalia wakati jua limeshapanda. Wasalimie waimbaji, isipokuwa yule wa sauti ya nne, yeye anajua sababu. Umusalimie mupishi wenu, na Papa Kataliko mwenyewe, ambaye ninamwombea apate mutu wa kula naye. Umusalimie Mama Annette, si kwa nguvu. Na imbwa wa parokia, ambaye siku ya matoleo ndiye peke yake alinisindikiza mpaka njia panda.

Ninabaki mwana wa Kanisa na mama yenu kwa umri,

Hélène, yule anayebebaka bata

Nyongeza, Jumamosi. Bata usiingojee Jumapili. Jana mvua ilinyesha asubuhi mpaka mchana, na Mama Asha akaingia na vitunguu akauliza kama maskini bado hajaonja huruma yake. Bwana yake Rashidi aliichinja kiislamu, ili na Asha aweze kula. Nyama ilikuwa laini, niliilisha vizuri. Kitambaa cha bluu nimekitunza, mwakani kitafungwa kwa muguu wa dada yake, na Papa Kataliko akimununua, safari hii amulete mwenyewe, asitume mutu.

Picha usiibandue. Asha anasema nimetoka vizuri kuliko bata. Mutengeneze nyingine ndogo ya kumutumia Osée Kinshasa, lakini maandishi ya chini yakatwe.

Na jambo la mwisho. Jumanne ile mvua ilimukuta Annette kwangu. Alikaa kwenye kiti cha marehemu, akaosha sahani yangu bila kuulizwa, akanieleza mambo ya dada yake yeye, si dada wa bata, mpaka mwisho, na mimi nikamueleza ya kwangu. Hilo sikuliandika kwenye namba yoyote. Basi mumutume arudi Alhamisi. Asilete bata. Alete chumvi, ya kwangu imekwisha jana kwenye supu. Na akae mpaka mvua iishe, hata kama haijanyesha.