Farasi Alivyotushusha Mimi na Baba Mkwe

Leo nimekaa mapajani mwa baba mkwe. Hadharani, mchana, wote tumelowa. Naeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na maadui.

Nilikuwa kibandani kwangu hapa Tunduma, naziba pancha kama kawaida. Pembeni, juu ya kigoda, amekaa Mzee Luhende, baba yake Kabula. Amepanda kutoka bondeni Momba kununua dawa za ng'ombe, akapitia kwangu eti kupumzika. (Hakuja kupumzika. Alikuja kukagua. Barua yangu ya posa anayo tangu mavuno na hajajibu.) Mzee ana ng'ombe wengi kuliko malori ya foleni ya mpakani, na swali lake kwangu ni moja tu: mtu wa matairi atamtunzaje binti aliyekulia zizini?

Ikaingia pikapu ya Zambia, inavuta tela lililozibwa pande zote kama kachumba. Tairi moja la tela limelala kabisa.

"Mulamu, nisaidie," akasema dereva. (Mulamu ni shemeji kwa Kibemba. Wazambia wakikupenda tu, wameshakuoza dada.)

"Umebeba nini humo?"

"Farasi. Anakwenda shambani huko Mbozi."

Tunduma tumeona kila mzigo. Shaba, matrekta, mitambo inayojaza barabara nzima. Farasi hatujaona. Punde si punde mji wote ukawa kibandani kwangu, pamoja na nusu ya Zambia. Mmoja anauliza kama anang'ata. Mwingine kama ni kweli analala amesimama. Mama muuza mahindi anataka kujua kama akishameza anacheua, kama ng'ombe. Mimi nimeingiza kichwa kwenye kidirisha cha tela mpaka tukawa tunapumuliana. Ana kope ndefu kuliko za bibi harusi. Nikasahau pancha.

Jeki yangu haiwezi kunyanyua tela na farasi ndani, kwa hiyo lazima ashuke. Dereva akatoa maelekezo. "Mimi naingia kwa mlango mdogo wa mbele, namfungua kamba. Nikisema tayari, ndipo mnaondoa kile chuma cha nyuma kinachomzuia. Na nyuma yake asisimame mtu."

"Sawa," nikasema.

Dereva alipozunguka mbele, Mzee Luhende akainuka, akajikung'uta. "Huyu anaogopa mnyama," akaninong'oneza. "Na wewe unaogopa?"

Jamani, ningejibu nini? (Nina cheti cha kidato cha nne cha masomo ya jioni. Baiolojia nilipata D, D yenye afya.)

"Mnyama ni mnyama, Mzee."

Nikashusha mlango wa nyuma, ule ambao ukilala chini unakuwa daraja la kupandia. Kilichotutazama ni makalio. Makubwa, ya kahawia, yanang'aa kama kabati jipya.

"Wamempakia kinyume," akasema Mzee.

"Naona, Mzee."

"Ng'ombe kwenye Fuso ukimkunja mkia anageuka mwenyewe, anashuka kwa kichwa. Mkunje."

Nikapanda, nikachomoa chuma, nikashika mkia. Mzee kasimama nyuma yangu, mikono kaitandaza kama anayepokea kundi zizini. Huko mbele dereva ndiyo kwanza anamaliza kufungua kamba. Nikakunja.

Hakugeuka. Kumbe humo hamna nafasi ya kugeuka. Farasi anashuka kinyumenyume, na huyu wetu alishuka kama lori lililokatika breki mlimani. Makalio yakanigonga kifuani, mimi nikamgonga Mzee, tukaenda watatu kwa mpangilio huo huo mpaka kwenye beseni langu la maji ya kupimia pancha. Mzee akakaa kwanza. Mimi nikakaa juu yake. Mkia bado nimeushika. (Sijui kwa nini. Labda kwa adabu.)

Farasi akauchomoa mkia mikononi mwangu, akauinua. Sehemu hiyo nairuka.

Dereva akaja mbio, akashika kamba, akambembeleza mnyama. Kisha akanigeukia. "Mulamu, huyu haoni aliye nyuma yake kabisa. Si nilisema?"

Nilijua posa imezama. Mzee hakunitazama. Alikamua kofia, akamzunguka farasi kwa mbali, akamuuliza dereva maswali mpaka pancha ikaisha. Kwato mbona hazijapasuka? Mbona anarudi ndani bila kuswagwa? Maana farasi alipanda kwa hatua zake mwenyewe, dereva akiwa kando ya shingo, kikafungwa chuma cha nyuma kwanza, ndipo kamba. Mzee akatikisa kichwa muda mrefu.

Tela lilipoondoka akaja kwangu, bado anadondokwa na maji.

"Kabula akikuuliza, mimi nilikuwa wapi?"

"Umesimama, Mzee."

"Wapi?"

"Mbali. Kule kwa muuza mahindi."

"Na kwenye beseni alikaa nani?"

"Mimi peke yangu."

Akavaa kofia. "Jumapili njoo na wazee wako."

Kwa hiyo nawaomba sana mtakaonisindikiza: tukifika huko Momba, asicheke mtu. Mzee alikuwa amesimama.