Malalamiko juu ya Sumaku Iliyozichongea Sindano Zangu

Kwa Bwana Kiptoo,
Mkuu wa Maabara ya Dawa, Nairobi.

Bwana,

Assalamu alaykum. Salamu hii ni safi, hata mkiipima.

Mimi ni Shuaib, muuza manukato hapa Lamu mjini, na tangu mwaka jana muuza sindano za kupunguza mwili. Mwezi uliopita mwalimu Mueni wa Mokowe alijidunga dawa yangu. Kufika magharibi mkono ulikuwa umemvimba, pumzi inambana, akalazwa siku tatu. Amepona, alhamdulillahi. Lakini mumewe, Nicodemus, badala ya kushukuru, alikichukua kichupa kilichosalia akampelekea mkemia wenu Bi Hadil, mtoto wa mtaani kwetu. Hapo ndipo nilipodhulumiwa, kama ifuatavyo:

1. Bi Hadil hakuionja dawa wala kuinusa. Aliitia katika kijibomba chembamba cha kioo, akakitumbukiza ndani ya sumaku kubwa kama birika la msikiti, akaipigia mawimbi ya redio, kisha akakaa kusikiliza kila atomu inajibu nini. Mimi nimesomea dawa siku mbili nzima kwenye simu, na sikuambiwa popote kwamba atomu zina ulimi.

2. Ameandika kuwa dawa hii ni peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, na kwamba minyororo mingi katika vichupa vyangu imepungukiwa pingili moja kati ya thelathini na tisa. Moja! Mwanafunzi akipata thelathini na nane, mwalimu Mueni mwenyewe humpigia makofi. Pingili nyingine, ati, imegeuka, kama mkono wa kushoto uliowekwa pa kulia. Mimi natumia shoto tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuniita uchafu.

3. Amekuta mabaki ya asidi ya kiwandani. Hiyo ni bakshishi kwa mteja.

4. Nilimpigia simu kistaarabu, nikamwomba aandike tu "karibu safi". Akanijibu, "Ami Shuaib, sumaku haina haya, na mimi siwezi kuisemea uongo. Bi Mueni nusura afe." Kisha akawapigia wateja wangu mmoja mmoja, tangu Kizingitini hadi Kililana, akiwaambia waache kujidunga. Wakaacha! Watu ambao hawajapata kusikizana hata juu ya mwezi mwandamo.

5. Kwa hiyo naomba sumaku hiyo izimwe. Ikiwa haizimiki, basi isibague: ipime chai ya ofisini kwenu, ahadi za wagombea, na toba za Ramadhani. Nawe Bwana Kiptoo utangulie kuingia, tuhesabu pingili zako.

Wasalimie wafanyakazi wote, mlinzi wa langoni, na Bi Hadil pia, ingawa hastahili.

Ni mimi, niliyeonewa kwa vipimo,
Shuaib

Baada ya sahihi: Mama yangu ana kisukari, na daktari amemwandikia sindano za namna hii. Tafadhali muulize Bi Hadil, kwa siri, ni duka gani ambalo dawa yake imepita katika ile sumaku. Vichupa vyangu vimejaa kabati zima, lakini yule ni mama yangu.